Mazungumzo ya Hesabu: Mafungu Yasiyo na Ushirika

Barua ya juma hili imetoka Itumbe, huko kwenye vilima vya Gusii ambako chai imepandwa tangu bondeni hata kileleni. Nusu yake imeandikwa kwa wino mweusi na nusu kwa wino wa samawati, maana walioiandika ni vijana wawili wasiokubali hata kutumia kalamu moja. Ugomvi wao ni huu. Walitwaa punje kumi za mahindi, wakaziandika namba tangu 1 hata 10, kisha wakaulizana: Je, twaweza kuchagua mafungu mangapi, kila fungu likiwa na punje mbili au zaidi, ambayo namba zake hazina kigawo cha shirika? Mmoja akapata mafungu 982. Wa pili akapata 105. Kila mmoja ameniletea hesabu yake yote, ukurasa kwa ukurasa, na kunisihi nimwonyeshe mwenzake ujinga wake.

Nimezipitia hesabu hizo mbili kwa kalamu nyekundu, nami sikupata mahali pa kuitumia. Mwenye 982 amepata sawasawa. Mwenye 105 naye amepata sawasawa. Hawakugombana juu ya namba. Waligombana juu ya neno, wala hawakujua. Nimeona vema niwajibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa neno hilo hilo likiandikwa ovyo katika karatasi ya shamba laweza kumnyima mtu maji ya kunywa, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze na kigawo chenyewe. Kigawo cha namba ni namba nzima inayoigawanya pasipo kubakisha kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12 yenyewe. Vya 18 ni 1, 2, 3, 6, 9 na 18. Basi 12 na 18 zina vigawo vya shirika, navyo ni 2, 3 na 6. Ile 1 hatuihesabu, kwa kuwa huzigawanya namba zote pasipo kubagua, kama jua linavyowaangazia watu wote. Wala mtu hawezi kudai undugu na mwingine kwa sababu wote wawili huota jua moja. Namba zikiwa hazina cha kushirikiana ila hiyo 1, ndipo twasema hazina kigawo cha shirika. Namba 8 na 15 ni za namna hiyo, ingawa kila moja peke yake yagawanyika vizuri.

Waalimu huziita namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe kuwa ni namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Jina hilo silipendi sana, maana hizo ndizo wazazi wa namba nyingine zote. Namba 12 imezaliwa na 2, na 2 tena, na 3. Lakini jina limekwisha kukaa vinywani mwa watu, nasi tutalitumia.

Sasa fungu. Nimechagua neno la sokoni makusudi. Mama auzaye nyanya akikupa fungu la nyanya nne, huulizi ipi imetangulia kuwekwa na ipi imefuata. Fungu ni kilichomo. Kadhalika fungu la punje 3, 5 na 9 ni lile lile la 9, 3 na 5. Mafungu yote yawezayo kufanywa kwa punje kumi ni mangapi? Kila punje ina mambo mawili tu, ama imo funguni ama haimo. Kwa hiyo tuzidishe 2 kwa 2 hata zitimie mara kumi, tupate 1,024. Katika hayo limo moja lisilo na kitu ndani yake, tena yamo kumi yenye punje moja moja. Tuyaondoe hayo 11, yabaki mafungu 1,013 yenye punje mbili au zaidi. Hayo ndiyo tutakayoyachambua.

Mtu mwenye haraka atataka kuyaandika yote 1,013 na kulitazama kila moja. Kwa punje kumi aweza kufanya hivyo akiwa na mshumaa mrefu. Lakini kwa punje ishirini mafungu yapita milioni moja, na mtu akilitazama moja kwa kila nukta ya saa, usiku na mchana, pasipo kula wala kulala, atamaliza baada ya siku 12. Kijana wa 982 hakufanya hivyo, nami nampa heko. Yeye aliwatafuta wenye ushirika, ambao ni wachache, akawatoa katika jumla.

Tazameni alivyofanya. Fungu lenye kigawo cha shirika lazima namba zake zote zigawanyike kwa namba tasa moja. Akaanza na 2. Punje zigawanyikazo kwa 2 ni tano: 2, 4, 6, 8 na 10. Punje tano hufanya mafungu 32. Ondoa lile tupu na yale matano ya punje moja moja, yabaki 26. Kisha 3: punje ni 3, 6 na 9, nazo hufanya mafungu 4. Kisha 5: punje ni 5 na 10, nazo ni fungu 1. Namba 7 iko peke yake. Jumla yake 26 na 4 na 1 ni 31. Toa 31 katika 1,013, hupati ila 982.

Mtu atauliza, mbona hakuhesabu zigawanyikazo kwa 4? Kwa sababu 4 na 8 zimekwisha kuingia katika daftari la 2. Kuziandika tena ni kuwatoza watu kodi mara mbili. Na hapo ndipo penye mtego ambao kijana wetu hakukutana nao, kwa bahati ya kuwa na punje kumi tu. Tuongeze punje mbili, ziwe 12. Mafungu yote yenye punje mbili au zaidi sasa ni 4,083. Ya daftari la 2 ni 57, ya daftari la 3 ni 11, ya daftari la 5 ni 1. Jumla ni 69. Je, tutoe 69? La. Litazameni fungu la 6 na 12. Limo katika daftari la 2, na limo katika daftari la 3. Tumelihesabu mara mbili, na sharti tulirudishe mara moja. Wenye ushirika ni 68, na wasio na ushirika ni 4,015.

Sisi makarani twaujua mtego huu vizuri. Tuseme katika kijiji fulani nyumba 40 zina chai, na nyumba 25 zina ng'ombe wa maziwa. Anayejumlisha atasema nyumba hizo ni 65, naye ataagiza magunia ya mbolea kwa hesabu hiyo. Lakini kama nyumba 15 zina chai na ng'ombe pia, nyumba zenyewe ni 50 tu. Ukiongeza daftari la tatu, tuseme la ndizi, mambo yazidi kidogo: jumlisha madaftari matatu, toa waliomo katika kila mawili, kisha warudishe waliomo katika yote matatu, kwa kuwa hao umewajumlisha mara tatu na kuwatoa mara tatu, na sasa hawamo kabisa. Mtu mzima aliye hai, mwenye chai, ng'ombe na ndizi, ametoweka katika kitabu chako kwa sababu ya utajiri wake!

Katika namba kanuni ni hiyo hiyo. Kwa daftari la namba tasa moja toa. Kwa daftari la mbili zilizozidishwa pamoja, kama 6 au 10, rudisha. Kwa daftari la tatu, kama 30, toa tena. Na daftari la namba yenye namba tasa moja mara mbili ndani yake, kama 4 au 9 au 12, liache kabisa. Bwana August Möbius, Mjerumani, aliiandika kanuni hiyo mwaka 1832, nayo ingali ikiitwa kwa jina lake.

Lakini yawezekana mtu akaletewa namba mbili kubwa asijue kama zina ushirika au hazina. Je, azivunje kwanza hata apate namba tasa zake zote? Haina haja. Yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, katika mji wa Iskandaria nchini Misri, palikuwa na mwalimu aitwaye Euclid, naye katika kitabu cha saba cha kazi yake kuu alianza na jambo hili hili. Alisema, toa ndogo katika kubwa, na baki litoe tena, na tena, hata usiweze. Chukueni 91 na 65. Kwa macho zaonekana ni wageni wawili waliokutana njiani. Toa 65 katika 91, yabaki 26. Toa 26 katika 65 mara mbili, yabaki 13. Toa 13 katika 26 mara mbili, hakuna baki. Basi 13 ndicho kigawo kikubwa cha shirika: 91 ni 13 mara 7, na 65 ni 13 mara 5. Kama baki la mwisho lingalikuwa 1, tungalijua hazina ushirika. Kwa namba tatu, fanya mbili kwanza, kisha ulichopata kipambanishe na ya tatu. Sijaona njia nyingine iliyotumika miaka zaidi ya 2,000 bila kuchakaa, tena imetoka katika bara letu hili. Eratosthenes naye, aliyetupa chekecheo la kupata namba tasa, alizaliwa Kurene, katika nchi iitwayo leo Libya, akafanya kazi yake huko huko Iskandaria.

Tumrudie sasa kijana wa 105, ambaye naona amekwisha kukunja uso kwa kungoja. Yeye aliposikia maneno "namba zake hazina kigawo cha shirika" alifahamu hivi: kwamba ukitwaa punje zozote mbili katika fungu, hizo mbili hazishirikiani. Mwenzake alifahamu hivi: kwamba hakuna kigawo kimoja kinachozishika zote kwa pamoja. Fungu la 2, 3 na 4 kwa mwenye 982 ni jema, kwa kuwa 3 imevunja ushirika wa wote. Kwa mwenye 105 ni baya, kwa kuwa 2 na 4 ni ndugu, hata kama 3 si ndugu yao. Wote wawili wamesema Kiswahili safi.

Mfano ulio bora kupita wote haumo katika punje zao kumi, nao ni namba 6, 10 na 15. Namba 6 na 10 hushirikiana 2. Namba 6 na 15 hushirikiana 3. Namba 10 na 15 hushirikiana 5. Kila mbili ni ndugu. Lakini kitafuteni kigawo kimoja cha zote tatu, hamtakiona ila ile 1 ya jua.

Sasa niandike juu ya shamba, kama nilivyoahidi. Mashamba ya Gusii ni madogo, kwa kuwa watu ni wengi na baba amewagawia wanawe, na wanawe wamewagawia wao. Hapo mpaka wa hatua tatu ni jambo la kwenda barazani. Tuseme basi kwamba wako mabwana watatu wanaopakana. Bwana wa kwanza na wa pili wana chemchemi moja, waliyoichimbua na kuijengea mawe pamoja. Bwana wa kwanza na wa tatu wana njia moja ya kupitishia ng'ombe na vikapu vya majani ya chai. Bwana wa pili na wa tatu walipanda mikaratusi mpakani kwa gharama yao wote wawili. Siku moja wataka kuandikiana hati, na mwandishi, mtu wa haraka, auliza: "Je, kiko kitu mlicho nacho kwa shirika ninyi watatu?" Wajibu kwa kweli: "Hakuna." Naye aandika: "Watu hawa watatu hawana kitu cha shirika," wakatia sahihi, wakaenda zao.

Mwaka wapita. Bwana wa kwanza auza shamba lake. Mnunuzi ni mgeni, hajui habari za mawe ya chemchemi wala ni nani aliyeyabeba. Aizungushia waya. Mke wa bwana wa pili ashuka asubuhi na mtungi wake, akuta waya, arudi. Bwana wa pili aenda kulalamika, na mgeni amtolea karatasi: hawana kitu cha shirika, na sahihi yako ndiyo hii. Ni nani aliyesema uongo? Hakuna. Karatasi ilijibu swali la kijana wa 982, na mke mwenye mtungi alikuwa akiishi katika swali la kijana wa 105.

Iandikeni chemchemi kuwa 2, njia kuwa 3, na mikaratusi kuwa 5, kisha kila bwana azidishe vitu vyake. Wa kwanza ana chemchemi na njia, yaani 6. Wa pili ana chemchemi na mikaratusi, yaani 10. Wa tatu ana njia na mikaratusi, yaani 15. Mnaona ni namba zile zile. Kwa maoni yangu hati ya namna hiyo sharti itaje watu wawili wawili, hata kama itatumia karatasi zaidi. Kwa watu watatu kuna jozi tatu tu. Kwa watu kumi ziko 45, nayo ni kazi ya asubuhi moja.

Huyo kijana alizipataje 105? Njia yake si ya kutoa, ni ya kuchagua kwa uangalifu, nami naieleza kwa ufupi. Punje 1 na punje 7 hazina ugomvi na yeyote, basi ziache kando kwanza. Katika zilizobaki, 6 na 10 ni zenye matata, kwa kuwa kila moja ina wazazi wawili. Kama hakuna 6 wala 10, chagua moja tu au usichague katika 2, 4 na 8, hizo ni njia 4. Vivyo hivyo katika 3 na 9, njia 3. Na 5 iwemo au isiwemo, njia 2. Zikizidishwa ni 24. Kama 6 imo, ni 5 tu iwezayo kukaa nayo, basi njia 2. Kama 10 imo, yaweza kukaa na 3, au na 9, au pasipo zote mbili, njia 3. Zote ni 29. Sasa rudisha 1 na 7, kila moja iwemo au isiwemo: 29 mara 4 ni 116. Ondoa fungu tupu na mafungu kumi ya punje moja moja, yabaki 105. Sikuona kosa.

Msomaji ataniuliza, ni maana ipi iliyo bora? Hakuna iliyo bora, yategemea kazi. Kwa mizani yatosha maana ya kwanza. Mwuzaji wa maharagwe mwenye mizani ya vitanga viwili, na mawe ya kilo 6, 10 na 15, aweza kukupimia kilo moja barabara. Aweke 6 na 10 kitanga hiki, jumla 16. Aweke 15 kitanga cha pili, na maharagwe yaongezwe juu yake hata mizani isimame. Maharagwe hayo ni kilo moja. Na mwenye kupima moja aweza kupima kilo zozote akirudia. Lakini mwenye mawe ya 6, 10 na 14, hata akiwa na mia ya kila namna, hatapima kilo moja mpaka mwisho wa dunia, wala tatu, wala namba yoyote isiyo shufwa, kwa sababu mawe yake yote yameshikwa na 2. Mambo ya sarafu ni hayo hayo. Sarafu za Kenya ni za shilingi 1, 5, 10 na 20. Ukichagua namna mbili au zaidi katika hizo nne, mafungu ni 11. Saba yana ile ya shilingi 1 ndani yake, na manne hayana, na hayo manne yote yameshikwa na 5. Ndiyo maana mwenye duka aliyeishiwa sarafu za shilingi moja hukupa peremende badala ya chenji. Si hila yake, ni kigawo cha shirika!

Kwa mambo ya mizunguko, maana ya kwanza haitoshi. Mabaharia wa pwani yetu tangu zamani wamehesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo, kila mwongo siku kumi: miongo 36, na siku tano zaidi, jumla siku 365. Juma nalo lina siku saba. Kwa kuwa 7 na 10 hazina ushirika, siku ya kwanza ya mwongo ikiangukia Ijumaa, haitaiangukia tena mpaka zipite siku 70, na katika siku hizo 70 kila siku ya juma itakuwa imekutana na kila siku ya mwongo mara moja. Kama juma lingalikuwa la siku sita, mambo yangalirudia baada ya siku 30, na nusu ya makutano yasingetokea kamwe. Sasa wafikirieni wachuuzi watatu wafikao sokoni, mmoja kila siku ya 6, mmoja kila ya 10, mmoja kila ya 15. Kwa kuwa zote tatu hazina kigawo kimoja, mtu aweza kudhani hawatakutana wote ila baada ya 6 mara 10 mara 15, yaani siku 900. Watakutana kila siku ya 30. Ile jozi kwa jozi imewavuta karibu. Lakini wakija kila siku ya 7, ya 9 na ya 10, ambazo hata mbili hazishirikiani, itakuwa siku 630 kamili, wala haipunguki hata moja.

Limebaki jambo ambalo vijana hawakuliuliza, nalo ndilo lililonipendeza kupita yote. Nilizihesabu punje ishirini kwa njia ya kutoa. Mafungu yenye punje mbili au zaidi ni 1,048,555. Katika daftari la 2 mna mafungu 1,013, nami nikaweka kalamu chini, maana namba hiyo tumekwisha kuiona. Ni mafungu yote ya punje kumi! Si ajabu ukifikiri: 2, 4, 6 hata 20 ni zile 1, 2, 3 hata 10 zilizovaa nguo maradufu. Daftari la 3 lina 57, la 5 lina 11, la 7 lina 1. Tunarudisha 4 kwa ajili ya 6, na 1 kwa ajili ya 10. Wenye ushirika wote ni 1,077. Katika mafungu yaliyopita milioni moja, wenye ushirika ni kadiri ya fungu moja katika kila elfu!

Lakini ukishika punje mbili mbili tu, mambo si hivyo. Katika punje kumi ziko jozi 45, na zisizo na ushirika ni 31. Ukiendelea na namba kubwa na kubwa zaidi, jozi zisizo na ushirika huja karibu na 61 katika kila mia, na hapo zinakaa. Kwa namba tatu tatu, zisizo na kigawo kimoja cha zote huwa kadiri ya 83 katika kila mia. Wataalamu wa Ulaya waliithibitisha hesabu ya jozi katika karne ya 19, nayo ina ndani yake ile namba ya duara, 3.14 na kuendelea, ingawa hakuna duara lolote lililochorwa. Hilo lahitaji ukurasa wake, nami nitaliandika nikipewa nafasi.

Kwa vijana wa Itumbe, na kwa yeyote atakaye, fumbo la juma hili ni hili. Katika punje zilizoandikwa 1 hata 15, fungu la 6, 10 na 15 lina tabia tuliyoiona: kila mbili zashirikiana, na zote tatu hazina kigawo kimoja. Limo fungu jingine moja tu la punje tatu lenye tabia hiyo. Litafuteni, na mwonyeshe kwa nini hakuna la tatu. Majibu yaandikwe kwa wino mmoja.